Ugali Upungue, Mboga Izidi: Mhadhara kuhusu Kisukari, Rangwe

 

Watu huniuliza: kisukari kinapona? Mara nyingi anayeuliza ametoka kliniki na tembe zake, ameelezwa kwamba atazimeza maisha yake yote. Kabla hajafika nyumbani amekutana na mtu sokoni anayeuza unga wa mizizi na kumwapia kwamba baada ya wiki mbili atasahau kama aliwahi kuugua. Amebaki katikati, hajui amwamini nani.

Leo nitamjibu waziwazi. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima walio wengi, kinaweza kurudi nyuma mpaka sukari ikae mahali pake bila dawa yoyote, hasa kikishughulikiwa mapema. Hakirudishwi nyuma na mzizi wala jani. Kinarudi nyuma mafuta yaliyojificha ndani ya mwili yanapopungua, na hayo hupungua mtu anapokula kidogo kuliko alivyozoea, kwa miezi, si kwa siku mbili. Kwetu huku, kula kidogo kunaanza na ugali. Nimekuja kuwaomba tugeuze sahani zetu: mboga na samaki viwe ndicho chakula, ugali uwe wa kusindikizia. Tena naomba nyumba nzima ifanye hivyo, mgonjwa asiachwe peke yake.

Tutazame kwanza yanayotokea mwilini. Chakula cha wanga, yaani ugali, wali, viazi, mkate, kikishasagwa tumboni huwa sukari na kuingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, na insulini huifungulia sukari njia ya kuingia katika misuli na ini. Ini ni kama dero la nyumba: hupokea wakati wa mavuno, hutoa wakati wa haja. Mtu akila kuliko anavyotumia, mwaka baada ya mwaka, dero hujaa na ziada hugeuka mafuta. Ini lenye mafuta mengi haliisikii tena insulini inapoliambia liache kutoa sukari. Linaimwaga usiku kucha. Ndiyo maana mgonjwa hulala bila kula na bado akaamka na sukari 10. Mafuta hayo yakizidi hufika hadi kwenye kongosho lenyewe, nalo likalegea kazini.

Maelezo hayo yalitolewa mwaka 2008 na Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Mwaka 2011 alitoa matokeo ya majaribio yake: wagonjwa 11 walikula kalori 600 hivi kwa siku kwa wiki 8. Siku 7 tu zilipopita, mafuta ya ini yalikuwa yamepungua kwa karibu theluthi moja na sukari ya asubuhi imeshuka hadi kiwango cha kawaida. Kongosho lilichelewa zaidi, lakini kufikia wiki ya nane lilikuwa likitoa insulini vizuri tena.

Watu 11 ni wachache. Kwa hiyo Taylor na Profesa Mike Lean wa Glasgow waliandaa utafiti mkubwa uitwao DiRECT, uliochapishwa Desemba 2017, wenye wagonjwa 306 wa zahanati za kawaida za Uskoti na kaskazini mwa Uingereza. Nusu walipewa tiba ya kawaida. Nusu waliachishwa dawa za sukari na kuwekwa kwenye vinywaji maalumu vya kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula polepole. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya kundi hilo la pili hawakuwa tena na kisukari kwa kipimo, wala hawakuwa wakitumia dawa. Katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 4. Na waliopunguza kilo 15 au zaidi, asilimia 86 kati yao sukari yao ilikuwa imetulia.

Huenda mtu akasema hao ni Wazungu. Basi twende Qatar. Utafiti wa DIADEM-I, uliotoka mwaka 2020, uliwachukua watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, wenye umri usiozidi miaka 50, waliogunduliwa kuwa na kisukari ndani ya miaka mitatu. Asilimia 61 ya waliofuata mlo na mazoezi sukari yao ilitulia, dhidi ya asilimia 12 ya wenzao waliopata tiba ya kawaida. Umri mdogo na ugonjwa ambao haujakomaa uliwasaidia sana. Ndiyo maana nasisitiza kupima mapema. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa katika kila kumi nchini Kenya hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Anayepimwa baada ya macho kuingia ukungu au kidonda cha mguu kukataa kupona, amepoteza ile miaka ambayo mlo ungefanya kazi kubwa kuliko dawa.

Jambo lenyewe si geni. Jeshi la Prussia lilipouzingira mji wa Paris mwaka 1870 na 1871, chakula kikawa cha kugawiwa kwa mizani, daktari Apollinaire Bouchardat aliona sukari ikitoweka katika mkojo wa wagonjwa wake. Mwaka 1982, mtafiti Kerin O'Dea alikwenda na wenyeji asilia 10 wa kaskazini-magharibi mwa Australia, wote wenye kisukari, wakarudi porini kwao kuishi kwa kuwinda, kuvua na kuchimba viazi mwitu. Katika wiki 7 walipungua kilo 8 kwa wastani, na sukari yao kabla ya kula ikashuka kutoka 11.6 hadi 6.6. Hawakupewa kinywaji cha kiwandani. Walikula chakula cha babu zao, kidogo, huku wakitembea kutwa.

Mfano huo unanigusa kwa sababu nasi tuna wa kwetu. Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, baadaye akahamia Uganda, akatibu watu Afrika Mashariki kwa karibu miaka 30. Aliandika kwamba kisukari kilikuwa adimu miongoni mwa Waafrika wa vijijini alipoanza kazi. Yeye na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, walikuja kudai kwamba tofauti ilikuwa katika nyuzinyuzi za chakula kisichokobolewa. Siwaambii kwamba zamani kulikuwa peponi. Watoto walikufa kwa surua na malaria, njaa zilipiga, na vipimo vya sukari vilikuwa vichache. Lakini sahani ya wakati huo naijua, na wengi wenu mmeiona kwa bibi zenu: kuon ya mtama au wimbi iliyosagwa juu ya jiwe, kunde, osuga, dek, apoth, omena au samaki wa kuvutwa kwa nyavu ziwani. Na kabla ya kuila, mtu alikuwa amelima na kutembea.

Sasa twendeni kwenye mashine ya posho iliyo karibu nasi hapa sokoni. Simameni mlangoni mtazame kinachomiminwa kwenye lile faneli. Wa kwanza anakuja na gorogoro mbili za mahindi. Wa pili ana kisukari, ameshauriwa ale ugali mweusi, basi ameleta mtama. Tazameni vizuri ndani ya beseni lake: mtama ni kiasi kidogo, na vipande vyeupe vya muhogo mkavu vimejaa, kwa sababu muhogo ni rahisi na ugali hushikana vizuri. Muhogo ni wanga karibu mtupu. Mashine inasaga vyote laini kama poda, na unga laini kiasi hicho huwa sukari katika damu upesi, uwe wa rangi gani. Yule mama anarudi nyumbani na unga wa kahawia, moyo umetulia, anasonga ugali mkubwa kuliko wa jana kwa sababu huu ni wa dawa. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Ameambiwa rangi, hakuambiwa kipimo.

Tuhesabu basi. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi. Pakiti ya kilo mbili ni kalori 7,200. Nyumba ya watu wazima wanne ikiimaliza kwa siku, kila mmoja amekula kalori 1,800 za ugali peke yake, kabla ya chai, kabla ya mafuta ya kukaangia, kabla ya mandazi. Zile kalori 825 walizopewa watu wa DiRECT kwa siku nzima zinakwisha katika gramu 230 za unga. Unga wa wimbi na wa mtama hautofautiani sana na wa mahindi kwa hesabu hiyo. Mtama usiochanganywa na muhogo, uliosagwa na maganda yake, ni bora kuliko unga mweupe uliokobolewa, na nausifu. Ila ukubwa wa bonge ndio unaoamua.

Kwa hiyo kipimo changu ni ngumi. Ugali usizidi ngumi ya anayekula, mchana na jioni. Nafasi iliyobaki kwenye sahani ijazwe mboga mpaka ifurike. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia maisha yake ya kazi kuzitetea mboga hizi za kienyeji, mpaka Umoja wa Afrika ukamtunza kwa kazi yake mwaka 2010, na kabla ya hapo ziliitwa chakula cha maskini. Kunde, osuga, dek, ododo, mitoo, apoth: zina nyuzinyuzi, zina madini ya chuma, na ukila sahani mbili umeshiba kwa kalori chache mno. Mwenye shinikizo la damu apunguze magadi katika apoth, maana magadi ni sodiamu, kama ilivyo chumvi ya mezani. Omena tunayo, bei yake mnaijua kuliko mimi. Ichemsheni na nyanya na vitunguu badala ya kuizamisha katika mafuta, kwani kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120.

Kuhusu sukari yenyewe sitachukua muda. Soda ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vinakaribia kiasi hicho. Miwa iko jirani, viwanda viko Awendo na Ndhiwa, na wapo wanaoamini kwamba sukari nguru au asali haimdhuru mgonjwa. Zinamdhuru vilevile. Uji wa wimbi usiotiwa sukari nao ni wanga wa kunywa, unaopita haraka. Mgonjwa anayetaka kitu cha asubuhi, ale yai na mboga zilizobaki jana, au kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha. Kiazi cha kuchoma hupandisha sukari zaidi ya cha kuchemsha.

Nikaribie sasa jambo ambalo vitabu vya Uingereza havilitaji, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Kwetu mtu hakondi kwa siri.

Mnakumbuka miaka ile. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya ambao wananchi waliuita slim, kwa jinsi ulivyowamaliza watu mwili. Sisi tulisema ni chira. Tulizika vijana waliobaki ngozi na mifupa, katika kila boma. Hata mwaka 2018, uchunguzi wa kitaifa ulikuta kaunti yetu inaongoza nchini, karibu mtu mzima mmoja katika kila watano akiishi na virusi vya UKIMWI. Baada ya kuyapitia hayo, nani atamlaumu mama anayefurahi kuona mashavu ya mumewe yamejaa? Mwili ulikuwa ushahidi kwamba nyumba imesalimika. Leo nikimwambia mwalimu wa kilo 95 apungue kilo 15, najua atakayoyasikia kanisani. Shemeji zake watauliza mke wake anampikia nini. Wengine watanong'ona. Nimewaona watu walioanza vizuri, sukari ikashuka, kisha wakaacha na kurudia ugali wao wote kwa sababu hawakuweza kuyastahimili macho ya watu.

Kwa hiyo ninaomba kitu kwa walio wazima. Mkimwona jirani amepungua, msiulize kwa sauti ya matanga. Mwulizeni sukari yake imefika ngapi. Na wewe unayepungua, watangazie watu mapema: mwambie mchungaji, waambie wenzako wa chama, kwamba unapungua kwa kukusudia. Anayepungua bila kukusudia, akinywa maji kutwa na kukojoa usiku kucha, huyo aende kliniki leo, maana kukonda huko ni ugonjwa wenyewe. Wanaotumia dawa za virusi wasiziache kwa hali yoyote. Baadhi yao huongezeka uzito wakizitumia, na hao wapimwe sukari mara kwa mara hukohuko kliniki wanakochukulia dawa, ambako tayari wana kadi, wana tarehe na wana watu wanaowajua kwa majina.

Pia wapo wagonjwa wembamba, na huku kwetu si wachache. Utafiti mwingine wa Newcastle, ReTUNE, uliwachukua watu 20 wenye kisukari ambao hawakuwa wanene, na 14 kati yao sukari ilitulia walipopungua kidogo, kwa kuwa kila mwili una kiasi chake cha mafuta unachoweza kubeba. Lakini kuna wembamba wa aina nyingine: kijana aliyekulia katika njaa, mifupa inaonekana, kongosho lake halikupata kukomaa. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kukitambua kisukari cha namna hii peke yake na kukiita aina ya tano. Huyo kupunguziwa chakula ni kuumizwa. Watoto, wajawazito na wenye kisukari cha aina ya kwanza nao hawamo katika mpango ninaouzungumzia.

Kuna hatari nyingine ambayo lazima niitaje kabla mtu hajaenda nyumbani na kufanya haraka. Tembe za glibenklamaidi, pamoja na sindano za insulini, hushusha sukari hata kama hujala. Ukipunguza ugali kwa nusu na kuendelea na kipimo kilekile cha dawa, sukari inaweza kushuka chini ya 4: utatetemeka, utatoka jasho baridi, utasema maneno yasiyoeleweka, unaweza kuzimia. Anayetumia dawa hizo asiguse mlo wake kabla ya kuonana na afisa wa kliniki ampunguzie dawa kwanza. Metformini peke yake haina hatari hiyo. Dawa za shinikizo nazo huhitaji kutazamwa upya kadiri kilo zinavyoshuka. Na mlo wa kalori 800 kwa siku ni wa kusimamiwa na wataalamu. Ninaowashauri nyinyi nyumbani ni ule wa ngumi, unaoshusha kilo mbili au tatu kwa mwezi.

Kuhusu vipimo, wataalamu walikubaliana mwaka 2021 kwamba kisukari kimetulia ikiwa kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, kiko chini ya asilimia 6.5 kwa angalau miezi mitatu bila dawa ya sukari. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna tahadhari ya ziada. Wengi wetu tumebeba chembe ya selimundu, wengine wana upungufu wa damu kutokana na malaria, na hali hizo zinaweza kukifanya kipimo hicho kisome chini au juu ya ukweli. Kwa hiyo msiridhike nacho peke yake. Pimeni pia sukari ya asubuhi kabla ya kula: ikifika 7.0 au zaidi mara mbili, kisukari bado kipo. Na aliyetulia hajaondoka katika daftari la kliniki. Katika DiRECT wale asilimia 46 walikuwa asilimia 36 baada ya mwaka wa pili, na kadiri miaka ilivyopita wengi walirudisha kilo, sukari ikarudi nazo. Macho, miguu na figo vikaguliwe kila mwaka.

Mtu mmoja hawezi kuyabeba haya akiwa kwenye meza ambayo wengine wote wanakula kama zamani. Sufuria ni moja, na anayepika mara nyingi si mgonjwa, ni mke wake au binti wa mwanawe. Mgonjwa akipikiwa chake pembeni, baada ya mwezi mpishi amechoka na mgonjwa anajiona mgeni kwake. Watoto wanaokua hawana haja ya kupunguziwa chakula, wapewe ugali wa kutosha, lakini mboga nyingi na soda chache zinawafaa wote. Hata kwenye matanga, ambako kukataa sahani ni kuwakosea wafiwa, akina mama wa jikoni wakianza kupakua mboga kwanza na ugali mwisho, mgeni atakula bila kumkosea mtu.

Nawaelekea wahudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 mikoba yenu ina mizani na kifaa cha kupimia sukari. Na akina mama mna nyoluoro zenu, mnakutana na mnaaminiana na pesa. Ninapendekeza kila wadi kati ya wadi zetu nne, Kagan, Kochia, Gem Mashariki na Gem Magharibi, ianze na kikundi kimoja: siku ya kuchanga, kila mmoja apande mizani, apimwe kiuno kwa kamba, iandikwe daftarini, na mara moja kwa mwezi afisa wa kliniki aje kutazama dawa. Kwa idara ya afya ya kaunti ombi langu ni moja, vikaratasi vya kupimia sukari visikatike, kwa sababu bila hivyo kifaa kilichomo mkobani hakina kazi. Mtakaojiandikisha, meza iko pale mlangoni. Wenye glibenklamaidi na insulini mnione mimi kwanza kabla hamjaondoka, tuandikiane tarehe ya kliniki.